Muulize Ami: Chunusi asiyekufa, majini ya daftarini na paka wa sultani

Ami, shikamoo. Nachezesha Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimuliana hadithi kwa dadu, na wenzangu wanne hapa Mtongwe, wahusika wao wako ngazi ya 3. Nilibuni chunusi, lile dude la hadithi linalozamisha watu, anayekaa chini ya maji ya kivuko, nikampa kinga 19 (nambari ambayo shambulio lazima liifikie ndipo limpate) na uhai 200 (jumla ya majeraha anayoweza kuvumilia) ili aogopwe. Pigano likachukua usiku mzima, hakuna aliyeogopa, na mmoja alisinzia. Nimpunguzie nini?
*Mchezeshaji, Mtongwe*

Marahaba, mwanangu. Chukua kalamu tupige hesabu. Mhusika wa ngazi ya 3 anaposhambulia, kwa kawaida huongeza 5 kwenye dadu ya pande 20. Ili ampate mwenye kinga 19 ni lazima dadu itoe 14 au zaidi, yaani nafasi 7 katika 20. Wakiwa wanne, na kila pigo lililompata likimtoa uhai 8, kwa raundi nzima, yaani kila mmoja akishapata zamu yake, watamtoa kama 11 tu. Uhai 200 utakwisha raundi ya 18! Nani atakaa macho? Shusha kinga iwe 13 na uhai 85. Nafasi zinakuwa 13 katika 20, na pigano linafika ukingoni raundi ya nne au ya tano. Mapigo yake ndiyo uyaache makali. Ogre, jitu la kitabu cha madude cha mchezo huu cha 2014, ana kinga 11 na uhai 59 tu, lakini rungu lake hujeruhi kwa wastani wa 13, na mchawi wa ngazi ya 1 huanguka kwa pigo moja. Kwa hiyo watu humwogopa ingawa ni rahisi kumpata.

Hesabu, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya shida yako. Barua yote hii hujaniambia chunusi wako anataka nini, wala anafanya nini siku ambayo hakuna wa kupigana naye. Chunusi tuliyesimuliwa sisi hapigani, anavuta. Watu wanaoga, maji yametulia, mara mmoja hayupo. Mpe tendo hilo hilo. Akimpata mtu, badala ya kumjeruhi, amshike mguu na kumshusha, na kila raundi azidi kwenda naye kilindini. Hapo kila mchezaji ana la kufanya: huyu anapiga mbizi, yule anatafuta kamba, mwingine anawasha taa aone kivuli kiko wapi. Watakuwa wakihesabu pumzi za mwenzao, na usingizi utawaruka.

Kisha mtafutie mwiko. Viumbe vya hadithi za bibi zetu vilikuwa na kitu visichokiweza, na mchezo huu nao unalijua jambo hilo: majeraha ya troll, dude jingine la kitabuni, hujifunga yenyewe mpaka uyatie moto au asidi. Mimi ningesema chunusi hawezi kumshusha mtu aliyefungwa kamba ambayo ncha yake iko nchi kavu. Usiwaambie wachezaji. Waonyeshe mvuvi anayejifunga kamba kiunoni na kwenye mkoko kabla ya kuingia majini, asiyetaka kueleza kwa nini. Waonyeshe ngalawa tupu yenye kamba iliyokatika. Watoto wa ufuoni wawe na wimbo unaotaja kamba. Weka dalili tatu au zaidi, maana mbili zitawapita wakibishana juu ya mambo yao. Hapa ndipo napenda mchezeshaji atumie muda wake mwingi, kuliko kwenye jedwali la nambari. Mchezaji anayegundua mwiko kwa akili yake ataisimulia jioni hiyo miaka na miaka.

Jambo la mwisho: chunusi wako yuko peke yake, wao wana zamu nne kwa moja yake. Madude makubwa ya mchezo huu hupewa vitendo vya ziada, mara nyingi vitatu kwa raundi, mwisho wa zamu za wengine. Wako kimoja kinamtosha: mchezaji akimaliza zamu, mkondo umsogeze mtu mmoja kuelekea kilindini.

Ami, mwanangu wa miaka 13 amejaza daftari kwa michoro ya majini na mazimwi, anasema ni ya mchezo. Si uchawi huu?
*Mama, Bondeni*

Dada yangu, si uchawi, lakini sikulaumu kwa kuuliza. Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na miaka ya 1980 wazazi wengi huko huko waliuogopa kama wewe. Ndani yake mna dadu, karatasi na kusimuliana hadithi. Ila majini kwetu ni jambo la imani, na mezani kwangu siruhusu aya wala kisomo kuingizwa mchezoni. Mwekee mpaka huo kwa upole, abaki na mazimwi. Kisha kaa naye umuulize zimwi lake linakula nini na linakimbia nini. Akijibu, keti usikilize, kwani mtoto huyo anatunga.

Wachezaji wangu wamekariri vitabu vyote. Nikitaja dude tu, wameshajua udhaifu wake. Nifanyeje?
*Kijana wa Tudor*

Usitaje jina, eleza wanachokiona na kukisikia tu. Halafu mrudie nunda wa hadithi zetu, yule paka wa sultani aliyeanza na mifugo akaishia kwa watu, huku kila akishtakiwa sultani anamtetea. Ni dude lililokwisha kubuniwa vizuri: kadiri linavyoachwa ndivyo linavyokua. Nambari zimo katika kitabu cha 2014. Kikao cha kwanza tumia za paka, uhai 2, ila kumuua ni kosa mbele ya sultani. Wakimwacha, kikao kijacho awe na uhai 13 kama chui, kisha 26 kama simba, kisha ongeza mwenyewe hadi 85. Kati ya vikao yawepo mabanda matupu, halafu mazizi, halafu nyumba. Andaa kadi zote nne za nambari zake mapema, na siku ya kwanza wakikuuliza ni dude gani, wajibu kwamba ni paka.