Kashata ya asali isiyo na karanga: mambo ya kujua kabla hujawasha jiko

Anayeanza kutengeneza kashata zisizo na karanga hapa Tabora huanza kuangalia sufuria. Angeanza na sado, lile kopo la kupimia sokoni. Muuzaji wa mbegu sokoni hupimia mteja wa kwanza karanga, akaikung'uta ile sado mara moja ubaoni, kisha akakupimia wewe mbegu za maboga kwa sado hiyohiyo. Tazama ndani: kuna vumbi jekundu la ngozi za karanga limebaki kwenye kona ya chini. Vumbi hilo linakwenda nyumbani na mbegu zako, na linatosha kumvimbisha midomo mtoto mwenye mzio, hata kama jikoni kwako karanga hazijawahi kuingia.

Mkoa huu karanga ni za nyumbani. Urambo ndiko Waingereza walikofyeka pori kwa ajili ya sehemu ya ule mradi wao wa karanga wa miaka ya 1940 uliowashinda. Wakulima wetu hawakuhitaji mradi, walikuwa nazo na wanazo. Kwa hiyo zimo kwenye kinu, kwenye ungo, kwenye mashine ya kusaga na kwenye mboga ya jana. Kuziondoa kwenye mapishi ni kazi ya dakika moja, lakini kuziondoa jikoni ni kazi ya siku nzima.

Kinu kilichowahi kutwangiwa karanga hakisafishiki. Mti umekwisha kunywa mafuta yake, na utakayotwanga leo yatayarudisha. Tenga kinu kipya, au katakata mbegu kwa kisu juu ya ubao mpya. Ubao wa chapati nao usiuguse kama unayemtengenezea ana mzio wa ngano, kwa sababu unga umejaa kwenye mikwaruzo yake. Sufuria za bati na vijiko vya chuma vinasafishika vizuri kwa sabuni, maji na kusugua. Mikono vilevile. Kitakasa mikono cha kupaka hakiondoi protini ya karanga, kinaisambaza tu. Wala usidanganyike kwamba karanga zikikaangwa sana zinakuwa salama. Moto wa kikaango hauvunji kile kinachodhuru.

Mbegu salama zaidi ni zile ulizozitoa mwenyewe ndani ya boga. Zioshe utando, zianike juani siku mbili au tatu kwenye ungo mpya, kisha zipashe kidogo kikaangoni mpaka ganda likauke na kuvunjika kirahisi kwa vidole. Karibu robo ya uzito itakwenda na maganda, kwa hiyo ukitaka gramu 200 zilizomenywa, anza na 270. Alizeti chagua yenye michirizi. Ile nyeusi ya kukamulia mafuta ganda lake limeng'ang'ania kiini, utamenya hadi usiku.

Watu wengi wakinyimwa karanga hukimbilia korosho au ufuta. Karanga ni jamii ya kunde na maharage, haina undugu wa karibu na korosho, lakini wapo wanaodhurika na zote mbili. Na ufuta pia una watu wake wanaodhurika nao, hata Marekani imeuingiza kwenye orodha ya vyakula ambavyo ni lazima vitajwe kwenye pakiti tangu 2023. Ndiyo maana mapishi haya hayana hata kimoja kati ya hivyo, wala maziwa, wala ngano. Uliza kwanza mlaji anadhurika na nini, ndipo uchague mbegu. Na usijaribu kwa kumwonjesha kidogo. Mtu akianza kuwashwa mwili mzima, kuvimba uso, kutapika au kupumua kwa taabu baada ya kula, mpelekeni hospitali papo hapo, msingoje ipite.

Sasa asali, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi. Kashata ya sukari hushika kwa sababu sukari ikipoa hurudi kuwa chenga, na chenga zile ndizo zinazofunga nazi au karanga. Asali haifanyi hivyo ukishaichemsha. Sukari zake ni za aina nyingine, hasa ile ya matunda, ambayo ni ngumu sana kuganda na inapenda maji kuliko kitu chochote jikoni. Kashata ya asali inashika kwa njia moja tu: maji yatoke. Ukiyabakiza, kashata italegea kwenye sinia hata ukiiacha wiki nzima. Anayepika asali kwa kufuata macho aliyozoea kwenye sukari, akaepua inapoanza kuwa nzito, atapata uji mtamu wenye mbegu.

Kwa kashata nunua asali ya kawaida ya nyuki wakubwa, iliyoiva, nzito. Asali ya nyuki wadogo iache kwa matumizi yake: ina maji mengi, ina uchachu, bei yake ni ya juu, na moto unaua harufu yote uliyoilipia. Asali iliyoganda kwenye dumu si ishara kwamba imechanganywa na sukari, asali safi nayo huganda, na ikipata moto itayeyuka. Kile kipimo cha kuchovya kijiti cha kiberiti na kukiwasha hakikuambii chochote cha kutegemea. Nunua kwa mtu unayemfahamu, basi. Asali iliyorinwa kwa moshi mwingi itatia ladha ya moshi kwenye kashata yote, na ikichemshwa ladha hiyo haipungui, inazidi, kwa hiyo ionje kwanza. Ichuje kwa kitambaa safi kuondoa nta na mabawa.

Jambo la pili ambalo mapishi ya kwenye simu hayakuambii: Tabora iko juu, kama meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Maji hapa yanachemka karibu na nyuzi 96 za sentigredi, si 100. Mapishi yakisema pika mpaka nyuzi 130, yameandikwa kwa mtu aliye pwani. Wewe toa 4, ishia 126. Ukifuata namba ya pwani utapata kashata ngumu kuliko ulivyokusudia, na ukizidisha kidogo tu, asali itaungua. Pima kipimajoto chako kwanza kwa kukitia kwenye maji yanayochemka. Kikisoma 96 ni kizima, kikisoma 93 ujue kinapunguza 3.

Kwa sinia ya sentimeta 20 kwa 30 unahitaji gramu 200 za mbegu za maboga zilizomenywa, gramu 100 za alizeti, gramu 100 za nazi iliyokaushwa, gramu 300 za asali, robo kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi. Pima asali kwa mizani. Asali ni nzito kuliko maji, kikombe cha mililita 250 kinabeba kama gramu 350, na anayekadiria kwa kikombe hukosea kila siku kwa namna tofauti.

Nazi ndiyo yenye mtego. Iliyokunwa sasa hivi karibu nusu yake ni maji, na maji hayo yatakwenda moja kwa moja kwenye asali uliyohangaika kuikausha. Kuna gramu kama 200 za nazi mbichi nyuma ya kila gramu 100 za kavu. Ianike kwenye trei, kisha imalizie kikaangoni kwa moto mdogo mpaka ukiibana kiganjani isishikane. Machicha yaliyobaki baada ya kukamua tui yanafaa pia, ni makavu zaidi, ila hayana utamu, kwa hiyo tumia nusu yake machicha na nusu nazi kamili.

Kaanga kila mbegu peke yake. Maboga yanachukua dakika 6 hadi 8 kwa moto mdogo, yatavimba na kupasuka-pasuka. Alizeti dakika 5. Nazi ukiona imepata rangi ya mchanga, mimina nje mara moja, maana kikaango cha moto kinaendelea kuikaanga hata ukishaepua. Ziweke zote kwenye sufuria moja pembeni ya jiko zikae na joto. Usidharau hili: mbegu baridi zikikutana na asali ya moto, asali inaganda juu yake kabla haijafika kwa nyingine, na unabaki na mabonge mawili matatu na mbegu kavu zilizotawanyika.

Kabla ya kuweka asali motoni, andaa sinia. Karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta inafaa. Kama huna, jani la mgomba lililobabuliwa kidogo motoni likalainika, likafutwa na kupakwa mafuta, linafanya kazi nzuri na kashata inabanduka bila kung'ang'ania. Andaa na bakuli la maji baridi.

Asali itie kwenye sufuria ya lita 3. Inaonekana kubwa mno kwa gramu 300, lakini asali ikichemka inaumuka povu mara tatu, nne, na ikimwagikia mkaa utaisikia harufu nyumba nzima. Jiko la mkaa lisiwe kali. Kama moto umezidi, toa makaa mawili au funika kidogo kwa majivu. Koroga taratibu kwa mwiko mpya, ukifika mpaka chini. Baada ya dakika 8 hadi 12 tangu ianze kuchemka, povu kubwa jepesi litageuka kuwa mapovu madogo mazito yanayopasuka polepole, na mvuke utapungua. Hapo ndipo uanze kupima.

Dondosha tone moja kwenye maji baridi. Likitawanyika na kutia wingu, bado. Likikusanyika chini lakini ukilishika linateleza kama ute, bado. Likiwa gololi inayobonyea kwa shida chini ya kidole, umefika kwenye 126 ya hapa, na utapata kashata ya kutafuna. Ukilivuta likawa uzi unaopinda kwanza ndipo ukatike, uko karibu na 134, na hiyo ni kashata ya kuvunjika kwa meno. Litie mdomoni tone lenyewe lililopoa. Kama linanata kwenye jino, kashata nayo itanata. Mwezi wa Oktoba, joto likiwa kali, nenda kwenye uzi, maana ile ya gololi italegea mezani saa nane mchana. Zaidi ya hapo usiende. Kutoka harufu ya karameli hadi uchungu ni kama nusu dakika, na asali chungu haina dawa.

Epua, tia chumvi na mafuta ya nazi, koroga mara tatu, mimina mbegu zote kwa mpigo. Una dakika moja. Geuza kutoka chini mpaka kila mbegu ing'ae, mimina kwenye sinia, funika kwa jani jingine au karatasi, na ukandamize kwa chupa ya kioo hadi unene wa sentimeta 1. Kandamiza kwa nguvu, hasa kwenye kona. Kashata nyingi zinazosambaratika hazikukosa asali, zilikosa mkandamizo.

Kukata kuna saa yake. Dakika 10 hivi baada ya kukandamiza, kisu kilichopakwa mafuta kinazama bila kuvuta. Ukiwahi, mikato inajifunga tena. Ukichelewa, inapasuka vipande vya ovyo. Kata upana wa sentimeta 2.5 na urefu wa 10, utapata vipande 24 vya karibu gramu 27 kila kimoja. Kama imeshakauka mno, pasha sinia juu ya majivu ya moto dakika mbili, kisha endelea.

Iliyolegea kabisa inaweza kurudishwa mara moja: ivunjevunje, itie sufuriani na vijiko viwili vya maji, moto mdogo, koroga mpaka mvuke uishe na tone lipite kipimo. Mbegu zitapata rangi zaidi. Mara ya pili usijaribu, ile iliyokataa isage juu ya uji.

Asiyetaka kuchemsha chochote atumie tende. Gramu 250 za tende laini zisizo na kokwa, zikandwe mpaka ziwe donge, zichanganywe na gramu 250 za mbegu na nazi zilezile, zikandamizwe na kukatwa. Hazivunjiki kwa meno na hazikai zaidi ya wiki moja na nusu, ila hazikosewi.

Kipande cha asali kikishapoa kifungwe hapohapo, kimoja kimoja, kisha vyote kwenye bati lenye kifuniko. Siku ya mvua usipike, na kama umepika usiache sinia wazi. Kashata inavuta unyevu wa hewani na kufikia jioni uso wake unang'aa jasho. Ikifungwa vizuri inakaa wiki tatu, baada ya hapo mafuta ya mbegu yanaanza kunuka uzee hata kama kashata yenyewe bado ngumu.

Ukiuza au kumpelekea mtu, andika kila kilichomo: mbegu za maboga, alizeti, nazi, mafuta ya nazi, asali, chumvi. Usiandike "haina mzio", kwa sababu hakuna chakula ambacho hakina mtu wa kudhurika nacho. Na usiandike kwamba jiko lako halina karanga kama jana mlitwanga humohumo. Usimuuzie mwenye kisukari kwa maneno kwamba asali si sukari, maana sehemu kubwa ya asali ni sukari. Mstari wa mwisho wa karatasi yako uwe huu: asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulizimu, na huwezi kutegemea kuchemsha kwa jikoni kuviua.