Semi ikirudi nyuma, mwelekezaji awe mmoja

Kwenye maghala ya Dar es Salaam, semi, yaani lori linalovuta tela, ikianza kurudi nyuma kila aliye uani hugeuka mwelekezaji: utingo anapiga bodi, kuli anapaza sauti "lete, lete", mlinzi anapunga mkono "kata kulia". Dereva anapata amri tatu zinazopingana. Waondoe wote, abaki mmoja.

Huyo mmoja asimame upande uliko usukani, nje kabisa ya njia ya tela. Kwa malori yetu ni kulia. Lori la Kongo lenye usukani wa kushoto, ahamie kushoto. Asitembee kinyumenyume, wala asijipenyeze kati ya mkia wa tela na jukwaa la kupakulia, maana humo ndimo watu wanamobanwa. Kipimo chake: akiuona uso wa dereva kwenye kioo, dereva naye anamwona. Akiona kioo tu, kwa dereva huyo hayupo. Dereva akimpoteza kiooni akanyage breki palepale. Ishara za mkono wakubaliane kabla ya kuanza, na kupiga bodi kukome: injini ikinguruma, pigo la "simama" na la "twende" ni lilelile.

Vioo haviokoi kila kitu. Nyuma ya tela havionyeshi chochote, na kichwa cha lori kikikunjwa, kioo kimoja huonyesha ubavu wa tela, kingine uwanja mtupu. Kwa hiyo, uwanja ukiruhusu, panga lori liingie kwa namna ambayo mkia utaelekea upande wa dereva, achungulie dirishani. Kilomita 5 kwa saa ni mwendo wa mtembea kwa miguu, lakini ni karibu mita 1.4 kila sekunde. Anayejibu meseji hawahi kuruka.

Mstari wa njano chini haumzuii mtu mwenye njaa. Funga mnyororo, au afadhali zaidi mhamishe mama lishe, watu wasiwe na sababu ya kukatiza uwanja.

Lori likishasimama: hendibreki, injini izimwe, ufunguo ukae kwa mtunza stoo hadi milango ya nyuma ifungwe. Tia kabari mbili kwenye tairi za tela, kwa sababu foklifti ikiingia na kutoka huisukuma tela kidogo kidogo mpaka pengo linafunguka kwenye jukwaa. Jiwe la kuokota halifai. Huteleza, na baadaye huachwa uwanjani likamkwaza mwingine.