Antena si Sungura

SWALI: Maalim, nina nyumba ya wageni hapa Langoni, Amu. Wageni wakijaa, vaifai ya ndani hujikokota. Fundi ataka kuniwekea zile antena za kisasa zinazoifuata simu ilipo. Kwenye tangazo niandike antena janja, antena erevu au antena mahiri?

JIBU: Andika mahiri, na hilo la janja ulifute kabla wino haujakauka.

Antena lenyewe ni neno la majini. Kwa Kilatini ni foromali, ule mti unaobeba tanga la jahazi. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na hiyo "janja" iliyoanzia kwenye simu na sasa inabandikwa hata kwenye friji.

Mjanja namjua. Juzi nikivuka kutoka Mokowe, nahodha alinidai nauli ya watu wawili, eti kikapu changu nacho kimekaa. Nikamwonyesha kikapu ki mapajani. Akasema basi mapaja ndiyo yamekalia nafasi ya pili! Abiria wakacheka, nikalipa. Huo ndio ujanja: mmoja hufaidi, mwingine hubaki akipapasa mfuko. Sungura ni mjanja, Abunuwasi ni mjanja. Tena ngeli ya I-ZI, inayotupa nyumba ndogo na kazi ngumu, ingedai tuseme "antena njanja". Jaribu kulitamka hilo mbele ya wageni.

Sasa tazama kazi ya chombo chenyewe. Ndani yake mna antena kadhaa. Hupokea mawimbi ya simu ya mgeni na kupima yamefika kwenye antena ipi mwanzo na ipi mwisho. Wakati wa kujibu, iliyochelewa kupokea hutangulia kurusha, ili mawimbi yote yafike pamoja kwenye ile simu na kupeana nguvu. Kwingine huuana. Kwa hiyo chombo kimoja chaweza kuhudumia simu mbili tatu kwa mpigo bila kuchanganya maneno. Nani kalaghaiwa hapo?

"Erevu" halina kosa, ila mwerevu ana akili tu. Mahiri, neno la Kiarabu, ni yule anayeijua kazi yake. Wako wanaopenda "elekezi". Hilo tuiachie antena iliyokazwa kutazama upande mmoja.

Na hiyo ruta, kile kisanduku kinachorusha vaifai, itoe kidakani, yaani kwenye kishubaka cha ukutani. Ukuta wa matumbawe wenye unene wa dhiraa hunywa mawimbi, hasa ya gigahezi 5, mojawapo ya masafa ya vaifai.

Ama "vaifai" au "waifai", nimechoka. Andika upendavyo.