Wasomaji Wanauliza: Safari ya Gofu kwa Anayeanza

SWALI: Shikamooni wahariri. Nafanya biashara ya korosho hapa Mtwara. Mwaka jana nilianza gofu pale Lugalo, Dar es Salaam, kila nikienda kikazi. Nimecheza raundi nne za mashimo 9, sina handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji). Minada ya korosho ikiisha nataka wiki moja ya gofu nje ya nchi. Rafiki yangu anasema niende St Andrews, Uskoti, kwa wenye mchezo wao. Nianzie wapi?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba. Uskoti iache kwanza. Old Course, uwanja anaousifia rafiki yako, hauchezwi bila cheti cha handikapu, na Jumapili hufungwa. Pale pale upo Balgove, mashimo 9 yaliyotengenezewa wanaoanza. Lakini kuomba viza ya Uingereza na kuruka hadi Ulaya kwa ajili ya mashimo 9, hapana.

Pwani ya Kenya inakufaa zaidi, na viza huhitaji. Mombasa Golf Club ina mashimo 9 kando ya bahari. Vipingo Ridge, upande wa Kilifi, ina uwanja wa mazoezi, na Leisure Lodge ya Diani ina mashimo 18. Beba pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano; sindano uchomwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Nenda Januari au Februari, kaskazi ikivuma. Watu wa kusini hupotezwa na kalenda ya nyumbani: Aprili mvua zetu zinaaga, tunadhani na kwao zinaaga, kumbe masika ya Mombasa ndiyo kwanza yanachanganya, na Mei huwa kubwa zaidi.

Kabla ya tiketi, shughulikia handikapu. Jiunge na klabu, kisha wasilisha kadi za mashimo 54. Raundi sita za mashimo 9 zinatosha. Kila kadi itiwe saini na aliyekuhesabia mikwaju, vinginevyo haihesabiki, kwa hiyo raundi zako nne huenda zikabaki kumbukumbu tu. Usione haya kwa mikwaju mingi: kikomo cha handikapu ni 54.0, na kwa asiye na handikapu bado, shimo moja haliandikwi zaidi ya par (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) kujumlisha mikwaju mitano. Shimo la par 4 likikushinda, andika 9, okota mpira, endelea.

Ratiba ndiyo inayoharibu safari nyingi za wanaoanza. Mtu analipia mashimo 18 kila siku kwa siku sita; siku ya tatu viganja vimetoka malengelenge, anashika fimbo kwa woga na mpira unakwenda pembeni. Siku ya kwanza chukua somo la saa moja, jioni upige mipira ya kuchipu (mikwaju mifupi ya kuinua mpira) na kupati (kuuviringisha shimoni) tu. Siku ya pili mashimo 9. Ya tatu pumzika kabisa. Ya nne mashimo 9 tena, na ya tano ndipo ujaribu 18, ukianzia tii za mbele, yaani sehemu za kuanzia zilizo karibu zaidi na shimo. Hizo si za wanawake peke yao, atakayekucheka mwache acheke. Omba kuanza saa 12:30 asubuhi, kwani mashimo 18 hula saa nne hadi tano, na jua la pwani unalijua.

Ukipiga simu klabuni, uliza mambo haya yote kwa pamoja: ada ya uwanja, ya kedi (mbeba fimbo) na ya kukodi fimbo, kama kuna bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, na siku zipi kuna mashindano, maana Jumamosi mgeni anaweza kukuta uwanja umejaa. Kedi mchukue hata kama fedha inabana. Mpira ukipotea sheria inakupa dakika tatu tu za kuutafuta, na yeye ndiye anayejua nyasi zinaficha wapi. Beba mipira 24 ya bei nafuu, glavu tatu za kubadilishana zikilowa jasho, na fulana zenye kola. Jinzi iache nyumbani.

SWALI: Mimi natumia mkono wa kushoto. Nikodi fimbo huko au nibebe zangu?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Beba zako. Fimbo za kukodi za mkono wa kushoto ni chache kila mahali. Ukiahidiwa, taka jibu la maandishi. Saba zinakutosha: wudi 5, haibridi, aironi 6 na 8, pitching wedge, sand wedge na pata. Utaokoa kilo kadhaa, na kwenye ndege ndogo za Mtwara kwenda Dar hilo si dogo. Uliza shirika mapema kama mfuko mrefu unapokelewa. Vichwa vya fimbo vifunge taulo, kisha simamisha katikati ya mfuko mpini wa ufagio uliozidi fimbo ndefu kwa sentimita tano. Mfuko ukitupwa kichwa chini, mpini ndio unaopokea kishindo, si shingo ya fimbo.