Rimu za inchi 17 kwenye MX-5 ya zamani: nilizifunga, kisha nikazitoa

Ndugu, umeuliza kama Mazda MX-5 yako ya 1993 itakubali rimu za inchi 17, na kila siku unatoka Kisauni kwenda Likoni, hapa Mombasa. Kuingia zitaingia. Mimi nilikaa nazo miezi minne nikazitoa, na sasa natembea na za 15. Nakueleza yote kwa sababu sitaki zikupotee pesa zilizonipotea mimi.

Gari langu ni kama lako, lile la taa za kuinuka ambalo kwao Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Lilikuja na rimu za inchi 14, upana inchi 5.5, tairi 185/60R14, yaani upana wa tairi milimita 185, ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu inchi 14. Nikanunua za 17 zenye upana wa 7.5 na ofseti 35 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokalia habu, yaani kitovu cha gurudumu; ikipungua, rimu hutoka nje), nikavisha 205/40R17. Nikipita Mwembe Tayari watu waligeuka kuliangalia. Sikatai, lilipendeza.

Wiki hiyo hiyo nikavuka Likoni maji yakiwa yamepwa. Unaujua ule mteremko wa kuingilia feri maji yakipwa. Pua ya gari ilishuka, springi za mbele zikajibana, na nilikuwa nimekata usukani kufuata foleni. Nikasikia tairi inakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi. Tangu siku hiyo nikawa nasikilizia kila tuta. Nikibeba abiria, huku nyuma ule mkunjo wa bati la madigadi ulikuwa unachonga bega la tairi, na hilo ndilo la hatari zaidi, kwa maana hulioni mpaka nyuzi zitokeze.

Kosa langu lilikuwa kutazama inchi na kusahau ofseti. Rimu ya kiwandani ina ofseti 45. Ukipiga hesabu, ile ya 7.5 yenye ofseti 35 inatokeza nje milimita 35 zaidi ya ile ya mwanzo, na ndani inaingia milimita 15 zaidi. Kwa gari dogo namna hii, milimita 35 ni nyingi mno. Fundi atakwambia akukunjie madigadi. Bati la zamani, rangi ya zamani, na hewa yetu ya chumvi! Rangi ikipasuka pale kwenye mkunjo, kutu haichukui hata msimu mmoja wa mvua kuanza kula.

Halafu kuna ubavu wa tairi. Wa 185/60 ni milimita 111, wa 205/40 ni 82. Hizo 29 zilizopungua ndizo zilizokuwa mto kati ya rimu na shimo. Masika, usiku, shimo limejaa maji karibu na Makupa, nikaliingia. Rimu ikapinda ukingo wa ndani. Nikaipeleka ikanyooshwa kwa moto, na baada ya wiki chache ikapasuka, upepo ukawa unatoka kila asubuhi. Tafadhali usikubali aloi inyooshwe kwa moto. Ikishapashwa hivyo inapoteza nguvu yake.

Uzito nao nilikuja kuupima nimeshachelewa. Kwa mizani ya magunia, rimu ya zamani na tairi yake ilikuwa kilo 13. Ile ya 17 na yake, kilo 19. Gari lenyewe lina kilo 950 hivi, na utamu wake wote ni ule wepesi wa kugeuka. Nilipoongeza kilo 6 kila gurudumu, usukani ukawa mzito, gari likawa linarukaruka kwenye barabara mbovu, na kuondoka kukawa kwa kuvutavuta. Spidomita pia hudanganya kidogo: tairi yote ilikuwa kubwa kwa asilimia 3 hivi, kwa hiyo ikisoma 80 wewe uko 82 na ushei.

Nilichofunga sasa ni 15 kwa 6.5, ofseti 40, tairi 195/50R15. Kipenyo chake ni milimita 576, cha zamani kilikuwa 578, yaani karibu sawasawa. Kwa nje inatokeza milimita 18 tu. Haigusi popote, hata kwenye feri, na gari limejaa vizuri kwa macho.

Kutafuta si kazi ngumu. Matundu ya bolti ni manne kwenye duara la milimita 100, ndiyo 4x100, na tundu la katikati ni milimita 54.1, sawa na Corolla na Vitz nyingi, kwa hiyo kuna rimu za Toyota zinazokaa bila pete. Za dukani nyingi zina tundu kubwa zaidi, na usipoweka pete ya kuziba ile nafasi, usukani unaweza kutetemeka hata baada ya balansi. Ukichukua rimu za Toyota chukua na nati zake. Uzi wa bolti ni ule ule, M12x1.5, lakini rimu zao nyingi za aloi hukalia kwa kitako bapa na washa, na nati za Mazda zina kitako cha pembe. Ukichanganya, zitalegea. Kaza tena baada ya kilomita 80 hivi.

Kwenye tairi, soma tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa juani miaka mingi huwa mgumu hata kama meno yamejaa. Na paka grisi kidogo sana kwenye uso wa habu, usiguse nyuzi za bolti, la sivyo chumvi itaigandisha aloi kwenye chuma na siku ya pancha utaipiga mateke isitoke.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji afunge rimu moja mbele. Kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, waambie watu wawili waelemee pua ya gari, nawe uinamie na tochi utazame ndani. Kisha ihamishie nyuma urudie.