Kufundisha vijana kwa Zoom: wakikaa kimya usidhani hawataki

Mkuu umesema una vijana 25, umejaribu kuwafundisha kwa Zoom mara mbili, wanaingia kwenye mitingi halafu kimya, kamera zote zimezimwa, ukiuliza swali hajibu mtu, na sasa unafikiria kuacha. Usiache kwanza. Mi nimeendesha mafunzo ya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili, uongozi na stadi za maisha, vijana wa miaka 15 mpaka 24, na hicho kimya nakijua.

Mwanzoni nilikichukulia kama dharau. Kipindi cha tatu nikawaambia kila mtu awashe kamera, asiyewasha namtoa, wiki iliyofuata wakaja nusu. Ikaniuma, nikakaa nikawapigia simu mmoja mmoja na hapo ndo nikaelewa. Mmoja anatumia simu ya mama yake, mama akipigiwa tu yeye katoka hewani. Mwingine analala na wadogo zake watatu chumba kimoja, hataki wenzake waone. Wengi ilikuwa bando tu. Hesabu yake si ngumu, maana kwa viwango ambavyo Zoom wenyewe wametoa sauti peke yake inakula kilobiti 60 mpaka 80 kwa sekunde, yaani saa nzima haifiki MB 40, ila video ya kawaida ya watu wawili ni kama kilobiti 600, hapo saa moja unakaribia MB 270 za kupokea tu na za kutuma bado. Sasa kijana mwenye bando la kuungaunga unamlazimisha kamera, atafanyaje zaidi ya kupotea?

Kwa hiyo kwangu kamera ni hiari mpaka leo. Kuchangia ndo lazima, kwa maiki au kwa kuandika kwenye chati, vyote sawa.

Pili ni muda. Akaunti ya bure ya Zoom inakata dakika 40, na ilishanikata kijana yuko katikati ya kusimulia jambo zito la kwao, nilisikia vibaya sana siku ile. Kuanzia hapo nikapanga kipindi kiwe dakika 35 na mimi nisiongee zaidi ya 10. Dakika 15 wako vyumba vidogo (breakout rooms, yaani Zoom inawagawa makundi madogo kila kundi linaongea peke yake), zinazobaki wanarudi kila chumba kinaeleza kilichojadiliwa. Google Meet ya bure inakupa dakika 60 lakini kuwagawa vyumba unalipia, ndo maana nikabaki Zoom, kwangu vyumba ni muhimu kuliko zile dakika 20 za ziada.

Na hapo kwenye vyumba vidogo ndo penye kazi yenyewe. Watu wanne au watano, wakizidi hapo wawili wanaongea wengine wanajificha. Swali liwe moja na uliweke kwenye grupu la WhatsApp kabla hujawagawa, la sivyo watafika kule waanze kuulizana tumeambiwa tufanye nini. Kiongozi wa chumba awe kijana mwenyewe na ajue tangu wiki iliyopita ili ajiandae. Kuna binti alikaa wiki sita hajatoa sauti hata ya salamu, nikamwomba tu awe mwandishi wa chumba chake, siku ya kuripoti akasoma kwenye daftari sauti inatetemeka, wenzake wakamjazia chati pongezi, na baada ya hapo yeye ndo akawa anawakumbusha wenzake muda wa kuingia. Wale waliokuwa kimya kwangu wengi walikuwa hivyo, kuongea mbele ya watu 25 wasiowaona sura kunatisha kuliko kuongea mbele ya wanne.

Usalama nao, hapa naomba unisikilize sana kwa sababu una watoto chini ya miaka 18 mle. Linki yetu iliwahi kurushwa kwenye grupu la wazi, akaingia mtu tusiyemjua akaanza kuchora matusi kwenye skrini mbele ya watoto wa watu. Sasa hivi nina chumba cha kusubiri, haingii mtu ambaye jina lake halipo kwenye orodha, kushea skrini ni mimi tu, kuchora nimezima, na chati ya mtu na mtu nimezima pia. Tunakuwa watu wazima wawili muda wote, mmoja anafundisha mwingine anakaa mlangoni na kusoma chati, na hakuna mtu mzima anayebaki chumba kidogo na kijana mmoja peke yao hata kama ni dakika mbili. Wazazi wapewe ratiba.

Kurekodi sirekodi. Kijana akishaona anarekodiwa hasemi tena la moyoni. Waliokosa nawatumia voisi ya dakika tatu yenye mambo makuu, inatosha.

Ushauri wangu, wiki hii usifundishe chochote. Wapigie hao 25 uwaulize simu ni ya nani, saa ngapi nyumbani kunatulia, na bando wanapataje. Ukishapata majibu yalete hapa tupange pamoja siku na saa, nitakusaidia.