Usiandike peke yako

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Umesema kampuni imeleta programu mpya, na kila fundi anatakiwa aingize humo hitilafu anazozijua, dalili zake na namna anavyozitengeneza. Meneja anasema mnakuwa taasisi inayojifunza. Unaniuliza: niandike yote, au nibakize ya kwangu, wasije wakanipunguza wakishayapata?

Hofu yako si ya kijinga. Mwaka 1911 mhandisi wa Marekani, Frederick Taylor, aliandika waziwazi kwamba mameneja wana wajibu wa kukusanya ujuzi wote walio nao wafanyakazi na kuugeuza kuwa kanuni za ofisini. Agosti mwaka huohuo, mafundi wa kalibu katika kiwanda cha silaha cha jeshi huko Watertown, Massachusetts, waligoma kwa sababu ya saa za kupimia kazi yao. Watu wale hawakuchukia elimu. Waliona kwamba atakayeijua kazi kwa niaba yao ndiye atakayewapangia mwendo na malipo. Bunge la Marekani lilichunguza jambo hilo, na mwaka 1915 likazuia fedha za jeshi kutumika kwa upimaji wa aina hiyo.

Hata hivyo, mama, sikushauri ufiche. Miaka niliyokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani niliwaona mafundi waliokufa na ujuzi wao, na vijana waliobaki wakijifunza kwa kuumia. Kinachohusu usalama kiandike leo, bila kudai chochote.

Hayo mengine yana masharti. Kampuni ya Xerox ilipotengeneza mfumo wake wa mafundi wa mashine za kunakili, Eureka, katika miaka ya 1990, dokezo la fundi lilikaguliwa na mafundi wenzake, na jina la aliyelitoa likabaki palepale. Jina ni jambo kubwa. Likifutwa, kesho utaletewa maarifa yako mwenyewe kama agizo.

Lakini ninaoupenda zaidi ni mfano wa Fremont, California. General Motors walikifunga kiwanda chao cha magari huko mwaka 1982, kikafunguliwa tena mwaka 1984 kwa ubia na Toyota, na wengi wa wafanyakazi walikuwa walewale wa zamani. Safari hii mkataba na chama chao uliahidi kwamba kupunguza watu kutakuwa hatua ya mwisho kabisa. Mauzo yaliposhuka miaka michache baadaye hawakuachishwa; waliwekwa kwenye mafunzo na kazi za kuboresha uzalishaji. Ndiyo maana walithubutu kusema namna ya kuokoa muda: muda uliookolewa haukumgharimu mwenzao kazi yake. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2010, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ahadi hudumu milele. Ila ilikuwa imeandikwa.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na chama. Kiinua mgongo cha anayepunguzwa hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, na mwajiri halazimiki kulipia zaidi ya miaka 10. Ni kinga nyembamba. Dai zaidi sasa, wakati bado wanakuhitaji.

Usiende kwa meneja peke yako. Nendeni mafundi wote, na barua. Ulizeni nani ataona mnachoandika, na kama kosa mtakalolikiri humo litatumika kuwaadhibu. Ombeni mwandike saa za kazi, si usiku nyumbani huku mtoto analia. Na ahadi ya kutowapunguza kwa sababu ya programu hiyo waiandike na kuitia saini. Meneja akisema mwaminiane tu, mwambieni kwa adabu kwamba ndilo hasa mnalotaka, kwa maandishi.

Kama hapo kazini hamna tawi la chama, lianzisheni kwanza. Nitakutumia mfano wa barua niliouhifadhi.

Mama yako